Kikombe cha Maji Kizingitini

Watu hudhani kwamba anayesimama jukwaani na kuimba mbele ya ukumbi mzima hana woga. Mimi ni mwoga tangu utotoni. Naogopa mbwa, naogopa radi, na radi za Kisii si za kusimuliwa, lakini kwa miaka yote niliyoishi Kiogoro sijaogopa kitu kama nilivyomwogopa baba mkwe wangu. Si kwamba alikuwa mkali. Hakuwahi kunipandishia sauti hata mara moja. Nilimwogopa kwa sababu nilipoolewa mama yangu aliniambia nimwogope, na mama akiniambia jambo mimi hulishika.

Woga huo sisi Wagusii tunauita chinsoni. Ni haya na heshima kwa pamoja, na ina sheria zake. Mkazamwana na baba mkwe hawapeani mikono. Yeye haingii nyumbani kwangu hata akinyeshewa mvua ya mawe. Akiwa na ujumbe husimama uani akakohoa, nami nikatoka. Mimi naweza kuingia sebuleni kwake kumwekea chakula mezani, kisha nitoke. Lakini pazia la chumba anacholala ndilo mwisho wa dunia. Mwanamke aliyelelewa hapiti pale. Familia yetu ni Wasabato tangu enzi za babu. Tumeacha pombe, tumeacha nyama ya nguruwe, na majani chai tunayachuma na kuyauza bila kuyaonja, angalau mchungaji akiwa karibu. Chinsoni hatukuiacha, wala hakuna aliyewahi kutuomba tuiache.

Na bado mzee huyo ndiye aliyenifundisha kazi yangu.

Alikuwa mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya kutoka chini kabisa, kama ng'ombe anayelia ng'ambo ya bonde. Ujanani alikipigia kwenye vilabu vya pombe. Alipolirudia kanisa alikitundika ukutani, na uzeeni, wakati kila mtu amesahau, akakishusha. Kwa kuwa wazee wa kanisa wangepata la kusema, alikuwa akipigia chumbani mwake, dirisha limefungwa. Jiko la mama mkwe liko nyuma ya ukuta wa chumba hicho, na aliyekuwa akipika humo ni mimi.

Basi mimi namenya ndizi, yeye anapiga, nami nafuatisha kwa sauti ya chini. Nikikosea, anasimama. Anarudia kipande kile kile, polepole, mpaka nikipate, halafu anaendelea. Miaka ikapita hivyo. Hatukuwahi kulitaja jambo hili, yeye wala mimi. Asubuhi tukikutana uani aliniita mokamwana, yaani mke wa mtoto, nami nikamwita tata, yaani baba, yeye akiangalia ng'ombe na mimi nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Ukituona ungedhani hatujuani.

Kwa tuni za ukuta ule nilianza kutunga nyimbo zangu. Kwanza niliimba matangani na harusini, baadaye nyimbo zikawa zinataka kusimulia mambo marefu kuliko wimbo mmoja unavyoweza kubeba, nikaanza kutunga michezo ya kuigiza inayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Nilikusanya vijana wa Kiogoro na wengine wa Masimba, tukawa tunafanya mazoezi Jumapili katika darasa la chekechea, tumekalia viti ambavyo magoti hufika mashavuni. Mimi siandiki kitu. Kila mwigizaji namtilia wimbo wake mdomoni kipande kwa kipande, na akikosea nasimama, narudia. Wao hulalamika kwamba nina hasira. Ni kweli ninayo. Lakini namna ya kufundisha niliitoa upande wa pili wa ukuta.

Mchezo ulionipatia jina ulitoka kwetu nilikozaliwa, upande wa Nyamira. Mama alizoea kutusimulia habari za mwanamke mmoja wa kijiji chetu. Siku moja watu wote walikwenda kuchuma chai, akabaki nyumbani na baba mkwe wake mgonjwa. Mzee akaita kutoka kitandani, anataka maji. Mwanamke akachota kikombe, akafika kizingitini, akasimama. Hakuvuka. Alisimama na kikombe mkononi mpaka sauti ya ndani ikanyamaza. Mama aliisimulia habari hii kama sifa. Yule, alikuwa akisema, alijua chinsoni.

Habari hiyo niliigeuza mchezo, na pale kizingitini nikaweka wimbo wa mwisho. Mkazamwana ni mimi. Nasimama katikati ya jukwaa na kikombe cha maji ya kweli, maana sipendi vya kuigiza mikononi, kijana wetu mmoja amelala kitandani kama mzee, mpiga obokano wa Masimba ananguruma kwa chini, nami naimba mpaka mzee afe. Popote tulipocheza, akina mama walilia. Wanaume wazima walikuja baadaye kunishika mkono, wale ambao si wakwe zangu, wakisema mchezo huu unawarudishia vijana adabu. Sitadanganya, nilizipenda sifa hizo. Zilinikaa vizuri.

Wimbo ule niliujaribu mara ya kwanza jikoni. Nilipofika pale sauti ya mzee inaponyamaza, obokano nayo ikanyamaza. Hakurudia kipande. Hakunisahihisha. Nilidhani ameupenda.

Ilikuwa wiki ya makambi, ile ambayo Wasabato wa makanisa yote ya karibu hukusanyika uwanjani kuhubiriwa na kuimba kutwa nzima. Mama mkwe alikwenda, majirani walikwenda, watoto wangu walikwenda na binamu zao. Mume wangu yuko Nairobi kikazi. Mzee alibaki kwa sababu ya mguu uliokuwa ukimuuma, mimi nilibaki kwa sababu ya mzee. Mtu lazima apike.

Asubuhi moja alianza kupiga mapema, na bila kujificha, maana nani angemsikia. Alipiga kitu nilichokuwa sijakisikia, chenye kurudi nyuma kila kinapokaribia kwisha. Nilikuwa nimekishika nusu. Katikati akaacha. Nikaimba kipande kilichofuata nilivyodhani kiko, nikingoja anirekebishe. Kimya. Halafu nikasikia mbao zikigonga sakafu, na nyuzi zote nane zikalia kwa pamoja.

Nilimwita kutoka jikoni, "Tata?" Sauti ilitoka nyembamba kama si yangu. Nikazunguka nyumba, nikaingia sebuleni. Nikafika penye pazia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mkononi nina kikombe cha maji. Hakuna aliyekuwa ameniomba maji. Mkono ulikuwa umefanya kile ulichozoea kufanya.

Sijawahi kuogopa vile. Maji yakawa yanaruka kikombeni. Nyuma ya pazia kulikuwa na mkoromo, mtu akivuta pumzi kama anayevuta gunia zito sakafuni. Wapo wanaosema ugonjwa unaondoa chinsoni, wapo wanaosema hakuna kinachoiondoa ila kifo. Sikujua ni wepi wenye haki. Nilichojua ni kwamba nimesimama mahali ambapo nimesimama mara nyingi nikapigiwa makofi, na kichwani mwangu wimbo ulikuwa umeanza. Mwanzo wake ulinijia wote, mtamu, umepangwa vizuri, ukingoja tu nifungue mdomo. Nilijiogopa mimi mwenyewe. Nilijua kwamba nikiuacha wimbo ule uanze, nitauimba mpaka mwisho, na mwisho wake naujua.

Niliweka kikombe chini, nikainua pazia.

Nilivyomkuta sitasema. Hilo nitazikwa nalo. Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, upande mmoja wa mdomo umevutika, mkono mmoja umelala kama si wake. Mkono mzima ulikuwa hewani, unanipungia nitoke. Hakuweza kusema, lakini mkono ulisema, na macho yalisema zaidi. Niliona hofu kubwa kuliko yangu, na aliyekuwa akiogopwa ni mimi. Kifo kilikuwa kimekaa naye pale chini, na yeye alikuwa anamfukuza mkazamwana.

Nikamwambia, "Tata, nisamehe." Nikafumba macho, nikamvisha kwa kupapasa, nikamwinua.

Nje hakukuwa na mtu. Nilimburuta mpaka barabarani, nikipiga kelele kwa majirani ambao walikuwa makambini wakimsifu Bwana. Kilichopita kilikuwa bodaboda, kijana nisiyemjua. Nikamuuliza kama gari linaweza kupatikana karibu. Alimtazama mzee mara moja tu.

"Mathe, ukingoja gari huyu anatuacha," alisema. "Mweke katikati, wewe ukae nyuma, umshike kabisa."

Ndivyo tulivyokwenda. Mzee katikati, kichwa kimelalia bega la dereva, mimi nyuma yake. Nilimfunga kwangu kwa leso, mzunguko mmoja kiunoni na mwingine kifuani, fundo mbele, kama ninavyowafunga watoto mgongoni, ila safari hii mgongo ni wake na kifua ni changu. Mtu ambaye sikuwahi kumpa mkono. Nilihisi mbavu zake, nilihisi moyo wake ukienda ovyo, na joto la shingo yake lilikuwa chini ya kidevu changu. Nililia kwa aibu, nikalia kwa hofu ya kwamba moyo ule utasimama nikiwa nimeushika.

Njia ya kwenda Kisii mjini inapita uwanja wa makambi. Nilijua. Nilimwomba dereva apite kwingine, akaniambia kwingine ni matope. Walikuwa wamesimama wote wakiimba wimbo wa kufungia kipindi. Niliona vichwa vikigeuka, safu kwa safu, na wimbo ukafifia upande wa barabara huku upande wa jukwaani ukiendelea. Niliona kofia ya shemeji yangu. Nilimwona mama mkwe wangu. Hakuna ambaye hakutuona. Mokamwana wa mzee fulani, amemkumbatia baba mkwe wake mchana kweupe, amefungwa naye kwa leso moja.

Hospitalini walimchukua, nikabaki kwenye benchi na leso mikononi. Karibu nami alikaa mama mmoja wa buibui, mwenye duka la nguo mjini kama alivyoniambia, ambaye naye alikuwa na mgonjwa wake ndani. Aliniuliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Yule ni babako?" Sikuwa na nguvu ya kueleza ukoo. Nikasema ndiyo. Akasema mtu mwenye mtoto kama wewe hafi kirahisi, nami nikalia upya.

Hakufa. Kiharusi kilimwacha na mguu wa kuburuta, mkono wa kushoto usiofanya kazi, na ulimi mzito usioweza kuunda neno. Mume wangu alinishukuru sana kwenye simu. Halafu akaniuliza nilimkuta vipi. Nilielewa anachouliza. Nilimkatia simu, na kwa siku kadhaa sikumpokelea. Hasira ilinisaidia, maana ilikuwa inafunika woga, lakini haikudumu.

Mzee aliporudi nyumbani, woga ndio uliobaki. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndugu zake walikutana sebuleni, wakaniita nisimame mlangoni. Wakauliza kama nilivuka pazia, nikasema nilivuka. Wakauliza na kama nilimgusa, wakati nusu ya eneo zima iliniona. Mmoja akasema achinjwe mbuzi, mimi na mzee tutakaswe. Mwingine, mzee wa kanisa, akasema mbuzi ni mambo ya giza. Walibishana juu ya mbuzi mpaka chakula kikapoa. Mwishoni mdogo wake mzee alinigeukia, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia baridi, kwamba mwenye kuvunjiwa heshima si wao. Ni kaka yake. Kuna neno kaka yake anajaribu kulitoa, wote wanaliona likimsumbua mdomoni. Wangoje neno hilo. Akisema mke huyu akae, atakaa. Akisema vingine, nitarudi Nyamira.

Hawakutaja laana. Hawakuhitaji. Kila mtu kwetu anajua laana ya baba mkwe inamfuata mtu na watoto wake, na kwamba haisemwi sirini. Husemwa mbele ya watu.

Tangu hapo niliishi nikiutazama mdomo wa mtu. Alikuwa akikaa kwenye kiti uani, na kila nilipopita na ndoo alianza kuhangaika, shingo inakaza, sauti inatoka imevunjika, jasho linamtoka. Mimi nakimbia. Kweli nakimbia, mwanamke mzima, maji yakinimwagikia miguuni. Nikaanza kuzunguka nyuma ya zizi ili nisipite mbele yake. Nikiwa jikoni nilisikiliza ukuta. Ukuta ulikuwa kimya. Obokano ilikuwa imeondolewa, sijui imewekwa wapi.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza mama mkwe anadhani mzee anataka kusema nini. Alikuwa anachambua wimbi kwenye ungo, hakuinua uso.

"Mimi nimekaa na huyu mtu tangu nikiwa msichana," alisema. "Akipata mdomo, atakwambia mwenyewe. Mimi simsemei."

Sikupata usingizi kwa jibu hilo.

Wakati huo wote tarehe ya kucheza Nyamira mjini ilikuwa inakuja. Ukumbi ulikuwa umeshapatikana, matangazo yamebandikwa hadi stendi. Nilitaka kuahirisha. Vijana wakakataa. Nikawaambia basi tubadilishe mwisho, mkazamwana avuke. Walitazamana. Walikuwa wanajua, kila mtu alijua.

"Mathe, ukivuka, wazee watatoka wote," alisema yule anayeigiza mzee. "Hiyo sini ya mwisho ndio watu hukujia. Na saa hii, na vile watu wanaongea... watasema unajitetea."

Alikuwa sahihi. Nilijaribu hatua ile mara moja mazoezini, mguu ukakataa. Nyumbani nilivuka kwa sababu ya mkoromo wa mtu anayekufa. Darasani, mbele ya vijana na viti vya watoto, sikuwa na ujasiri huo. Nikasema tuache mchezo kama ulivyo. Nilijichukia nikisema, na nilipumua nilipokwisha kusema. Anayeogopa kesho yake hatafuti ugomvi leo.

Ukumbi ulijaa alasiri hiyo. Nyamira ni kwetu, mama yangu alikuwa safu ya mbele na dada zake, wamevaa kana kwamba ni harusi. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu walicheka panapochekwa. Nilikuwa nimeanza kusahau.

Mlango wa nyuma ulifunguliwa tukiwa katikati. Ulifunguka ukakaa wazi, mwanga wa nje ukaingia, na nikasikia kabla ya kuona: fimbo, halafu mguu unaoburutwa, halafu fimbo. Nilikuwa naimba. Sauti haikukatika, sijui ni kwa neema gani. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono. Wakampa kiti palepale karibu na mlango, akakaa, kofia magotini.

Baba mkwe haji kumtazama mkazamwana wake akiigiza mke wa watu. Hajawahi kuja, hata tulipocheza Kiogoro karibu na nyumbani. Kulikuwa na sababu moja tu ninayoweza kuifikiria ya mzee mgonjwa kupanda gari kutoka Kiogoro mpaka Nyamira, mpaka mbele ya mama yangu mzazi, mpaka mbele ya watu. Baadaye niliambiwa kwamba mdogo wake alimkataza, na kwamba alipiga fimbo chini asubuhi nzima, akielekeza barabarani, mpaka wakamtafutia gari, probox ya kukodi. Wakati ule sikujua hilo. Nilijua tu kwamba neno limeiva na mwenyewe amelileta.

Nilicheza mchezo uliobaki kama mtu aliyetoka nje ya mwili wake. Nilifikiria kukimbilia mlango wa pembeni. Nilifikiria watoto wangu. Mpiga obokano alianza ule mngurumo wa mwisho, kijana wetu akalala kitandani, akaita maji kwa sauti ya kizee aliyoiiga vizuri mno, nami nikachota kikombe kutoka kwenye mtungi, nikatembea mpaka kizingitini. Kizingiti chetu ni ubao tu tunaoulaza jukwaani. Nilisimama nyuma yake.

Nikaanza wimbo. Niliona akina mama wakitafuta leso za kupangusia macho mapema, maana wengi walikuwa wameshauona mchezo. Mama yangu alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari. Na kule nyuma, juu ya vichwa vyao vyote, niliona shingo ya mzee ikikaza. Aliweka fimbo chini. Akashika mgongo wa kiti cha mbele yake kwa mkono mzima, akaanza kuinuka. Mama mkwe hakumzuia. Watu waliokaa karibu waligeuka, halafu waliokuwa mbele yao, safu kwa safu, kama siku ile uwanjani. Nilifika pale sauti ya ndani inapotakiwa kunyamaza, na sauti iliyonyamaza ikawa yangu. Obokano iliendelea peke yake kidogo, ikaacha.

Ukumbi mzima ulikuwa unautazama mdomo ule. Ulifunguka, ukapinda, ukatoa kitu kisicho na umbo. Akafunga macho. Akajaribu tena. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, nikangoja laana yangu nikiwa nimesimama, kwa kuwa kukaa kungeonekana dharau.

"Soa," alisema.

Ilitoka nzito, nusu imemezwa, lakini hakuna Mgusii asiyelijua neno hilo. Ndilo tunalomwambia mtu akibisha hodi. Ingia.

Sikusogea. Nadhani sikuamini masikio yangu. Alivuta pumzi kama anayevuta gunia lile lile, akanyoosha mkono wake mzima kuelekea jukwaani, mkono ule ule ulionifukuza, na sasa haukuwa unafukuza.

"Soa, mokamwana. Soa."

Hakuna mzee aliyetoka ukumbini. Niliinua mguu, nikauvuka ubao, na maji yakanimwagikia hadi kwenye viwiko. Nilipiga magoti penye kitanda. Kijana wetu, ambaye kwa mujibu wa mchezo alikuwa ameshakufa, alifungua macho, akanitazama, akashika kikombe, akanywa maji yote yaliyosalia.